Kaptula Iliyofuliwa Alhamisi

Alhamisi, tarehe 17 Oktoba 1996. Jua limetoka likiwa kali tayari, hakuna umande. Mawingu yamerundikana upande wa ziwani lakini hayaji. Vumbi jingi. Nimefua kaptula moja.

Hayo ndiyo niliyoandika siku ile kwenye daftari, na hakuna neno la uongo ndani yake. Nimeyasoma tena mwaka huu nikaona kwamba mtu anaweza kuandika ukweli mtupu na bado akawa ameficha kila kitu. Kwa hiyo naandika upya. Mimi niliishia darasa la saba na sina uhakika kama najua kupanga mambo, lakini nitajaribu kumtendea haki kila mtu, hata mimi mwenyewe kama inawezekana.

Wakati huo nilikuwa nakaa Majengo, Mpanda mjini, na kazi yangu ilikuwa baiskeli. Nilikuwa nabeba samaki wa ziwani, migebuka iliyokaushwa, kutoka sokoni naipeleka gulio la Magamba, na kurudi nabeba karanga au maharage. Mwanamke juu ya baiskeli ya kiume, yenye mtaimbo katikati, tena na mzigo kwenye keria. Watu walicheka mwaka wa kwanza, mwaka wa pili wakachoka.

Kilichonifundisha vitambaa ni ngozi yangu. Nilianza na kitenge kipya, kile chenye wanga bado, nikarudi nimechubuka kama nimekaa juu ya msasa. Nikaenda kwenye khanga. Khanga ni laini lakini inatembea. Ukifika daraja la kwanza iko kiunoni, ukifika la pili iko kwenye mnyororo. Nikajaribu sketi ya khaki, nikakuta mshono wake wa katikati ni mnene kama kamba, na mwanamke anayekalia kamba kwenye barabara ya changarawe hahitaji kuelezwa zaidi. Tetroni ndiyo mbaya kuliko zote. Inang'aa, haikunjamani, ukiifua jioni asubuhi umeipata, lakini haipitishi hewa hata kidogo. Jasho linabaki ndani, kitambaa kinagandia mwilini na mwili unagandia siti, na kila ukikanyaga pedeli kuna kitu kinavutwa.

Mwishowe nilipata kaptula ya kiume kwenye mtumba. Ya pamba, imefuliwa huko ilikotoka mpaka imekuwa kama ngozi ya mtoto. Nilikuwa naivaa chini ya gauni, nimeigeuza nje-ndani ili mshono uangalie siti badala ya kuniangalia mimi, na kabla ya kuivaa napaka unga kidogo wa muhogo mapajani. Hiyo ilikuwa siri yangu ya kazi. Mwanamke kuvaa kaptula ya mwanaume, hata kama haionekani, lilikuwa neno la kusemwa mtaani wiki nzima.

Aliyeijua siri hiyo alikuwa mmoja tu, wifi yangu, dada wa mume wangu, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa akifua nguo zote za nyumba ile.

Wifi alikuja kwetu baada ya kufiwa na mumewe. Alikuja na binti mmoja wa miaka miwili na sufuria moja. Mume wangu, ambaye watu wao walihamia huku na ng'ombe kutoka kaskazini, mara nyingi alikuwa mbali na mifugo, hivyo nyumbani tulikuwa wanawake wawili na mtoto. Wifi alifua, alichota maji, alitwanga. Hakuna aliyemwamuru. Alikuwa anaona aibu kula chakula ambacho hakukifanyia kazi, na mimi nilimwacha aone aibu, kwa sababu ilinifaa.

Sasa, kwao na kwetu pia, wifi na mke wa kaka ni watani. Mtani anakuambia lolote na wewe huruhusiwi kukasirika. Ukikasirika unaonekana huna malezi. Na wifi yangu alikuwa na mdomo. Mimi sikuzaa. Miaka tisa ya ndoa na sikuzaa. Alikuwa akinisubiri nirudi kutoka Magamba, wakiwepo majirani wawili watatu, anasema:

"Jamani, mpisheni. Mke wa kaka amerudi. Safari hii atazaa spoki."

"Na wewe," namjibu, "umekuja hapa na mtoto mmoja na sufuria moja, na sufuria yenyewe ina tundu."

"Tundu linazibwa, wifi. Lako ndilo halizibuki."

Majirani wanacheka mpaka wanashika ukuta. Na mimi nacheka. Ndivyo utani ulivyo, unacheka, halafu unaingia ndani unakaa juu ya kitanda unaangalia viatu vyako. Lakini niwe mkweli: nilipougua malaria mwaka uliotangulia, ni yeye aliyenishika kichwa siku nne, na hakutania hata mara moja mpaka nilipoweza kukaa. Siku niliyokaa akasema, "Nilidhani nitarithi baiskeli." Nikacheka kweli siku hiyo.

Kuna jambo lingine ambalo lazima nilitaje, maana bila hilo mtu hatanielewa. Yule binti alikuwa ananiita mama. Mama yake alimwita mama, na mimi aliniita mama, na usiku alichagua kulala upande wangu. Hakufundishwa na mtu. Alinukia unga na moshi. Nilikuwa nikimpandisha kwenye mtaimbo wa baiskeli nazunguka naye nyuma ya nyumba, ananishika mikono yangu yote miwili.

Mwezi wa tisa likaja tangazo. Kulikuwa na mradi uliotaka wanawake wa kuwa wahudumu wa afya vijijini, wawe wanazungukia nyumba kwa baiskeli, wapime watoto uzito na kupeleka dawa. Atakayechukuliwa atapewa baiskeli, na atakayepangiwa kijiji cha Kasekese atapewa na chumba. Wifi alikuwa na kidato cha pili, zaidi ya mimi. Jina lake likapita. Kilichobaki ni jaribio la baiskeli: kutoka uwanja wa mjini mpaka Magamba na kurudi, na boksi kwenye keria, kabla ya saa tano. Wanawake tisa, baiskeli tisa za kujaribia, lakini nafasi nne tu.

Mimi ndiye niliyemfundisha kuendesha. Nyuma ya nyumba, jioni, wiki tatu. Alianguka sana na hakulia hata siku moja. Alijifunza vizuri. Siku alipozunguka mara kumi bila kuweka mguu chini alisimama mbele yangu anahema, akasema:

"Wifi, nitaondoka hapa. Nitakuwa na mlango wangu na kufuli langu. Mtapumua."

"Na mtoto?" nikauliza.

Alinitazama kama mtu aliyeulizwa kama atakwenda na miguu yake.

"Mtoto si wangu?"

Hakusema kwa ubaya. Nimelifikiria jambo hilo miaka mingi na nina hakika hakusema kwa ubaya.

Wiki moja kabla ya jaribio tulikwenda kununua kitambaa. Alitaka gauni jipya. Alisema wasimamizi wa mradi ni watu wa ofisini, hawezi kwenda mbele yao na gauni lililopauka. Dukani akapita kwenye pamba zote bila kuzigusa, akaenda moja kwa moja kwenye tetroni ya bluu. Akaipeleka mlangoni kwenye jua. Iling'aa kweli. Akajiwekea kifuani na uso wake wote ukabadilika.

"Wifi, wewe ndiye mwenye barabara," akaniambia. "Hiki kitafaa baiskeli?"

Nikamjibu, "Kinapendeza."

Sikuulizwa kama kinapendeza. Nililijibu swali ambalo halikuulizwa, na yeye kwa furaha aliyokuwa nayo hakuona tofauti. Najiambia kwamba kama angeuliza mara ya pili ningemwambia. Nadhani ningemwambia. Hakuuliza.

Tukampelekea fundi, mzee mmoja aliyekuwa na cherehani barazani pale pale Majengo. Alikishika kitambaa kwa vidole viwili akakipuliza.

"Cha kanisani hiki?"

"Cha baiskeli, baba," wifi akasema. "Nakwenda Magamba nacho."

"Magamba? Na jua hili la Oktoba?" Akacheka. "Mama, utaiva humu ndani kama kiazi kwenye mfuko. Cha baiskeli ni pamba." Halafu akanigeukia mimi. "Si kweli, mama wa migebuka? Mwambie mwenzio."

Wote wawili wakanitazama. Nikasema, "Aliyechagua ni yeye. Mimi siwezi kumchagulia mtu nguo."

Maneno mazuri hayo. Hata leo nikiyasoma naona ni ya mtu mwenye heshima.

Wifi akamwambia fundi, "Shona tu baba, nitavaa shimizi ndani," na shimizi yake ilikuwa ya nailoni. Fundi akapima. Akashona na mshono wa katikati, kwa sababu ndivyo anavyoshona magauni ya kanisani.

Lakini njiani kurudi nyumbani wifi alifikiri. Hakuwa mjinga. Akasema, "Yule mzee amenitia wasiwasi. Lakini si kitu. Siku hiyo utaniazima ile kaptula yako. Nikivaa kaptula chini, hata gauni la gunia litapita."

Alikuwa sahihi. Kaptula ingeokoa kila kitu.

"Sawa," nikamwambia.

Sasa nafika Alhamisi. Niliamka saa kumi na moja, bado giza. Nilimtoa mtoto mkono wake shingoni kwangu. Nikatoka uani, nikachukua beseni, nikachukua sabuni ya mche, nikachukua ile kaptula kwenye msumari ilipokuwa imening'inia, safi. Ilikuwa imefuliwa Jumatatu. Nikaifua. Niliifua vizuri, mara mbili, nikaisuuza, na sikuikamua. Nikaianika kwenye kamba inadondosha maji.

Miaka yote ile wifi alipokuwa kwetu sikuwa nimefua nguo. Hata moja.

Alitoka saa kumi na mbili amekwisha oga, anaimba kwa kinywa kilichofungwa. Akaenda kwenye msumari. Kisha akageuka akaiona kamba. Maji yalikuwa yametengeneza shimo dogo kwenye vumbi chini ya kila mguu wa kaptula.

"Umefua," akasema.

"Ilikuwa chafu."

Kuku walikuwa wanatoka. Halafu akasema, "Basi nipe hivyo hivyo mbichi. Itakaukia njiani."

"Ukiivaa mbichi itakukata zaidi," nikamwambia. "Utarudi huna ngozi."

Hapa lazima nisimame. Pengine kwa watu wengine pamba mbichi hukata kweli. Nimesikia wakisema hivyo. Lakini mimi mwenyewe, siku za joto kama ile, nilikuwa nailowesha kaptula ile ile kisimani Magamba na kuivaa mbichi mpaka nyumbani, na sikuwahi kuchubuka. Ilinipoza. Kwa hiyo niliyomwambia sikuyaamini. Mengine yote naweza kuyazungusha. Hilo siwezi.

Akavaa shimizi yake ya nailoni na gauni lake la bluu. Alipendeza, sitasema uongo. Mtoto alipomwona akapiga makofi. Wifi akanigeukia, akatania kwa mara ya mwisho asubuhi ile:

"Nikirudi na baiskeli yangu, wewe na yako mtakuwa wajane wote wawili."

Saa moja waliondoka uwanjani, tisa kwa mstari, boksi kila mmoja nyuma. Baiskeli za mradi zilikuwa mpya na siti za plastiki nyeusi. Niligusa moja kabla hawajapanda. Ilikuwa imeanza kupata moto.

Mimi sikwenda Magamba siku hiyo. Ningekwendaje? Kaptula ilikuwa kwenye kamba. Nilirudi nyumbani, nikamkalisha mtoto kivulini, tukachambua mlenda. Saa nne nilikwenda kuishika kaptula. Imekauka kabisa, ya moto, laini. Nikaiacha pale pale. Nikambeba mtoto mgongoni nikaenda uwanjani.

Wa kwanza aliingia saa nne na nusu, mama mnene aliyekuwa amevaa fulana mbili na kitenge kilichochakaa mpaka hakina maua. Watu walipiga vigelegele. Wakafuata wengine. Ilipofika saa tano walikuwa sita uwanjani, na muuguzi wa mradi, mwanamke mwenye sauti kubwa na daftari kwapani, akasema muda umekwisha. Ila hakuondoka. Alisema hawezi kuwaacha watu barabarani. Wa saba na wa nane waliletwa na lori la mbao, baiskeli juu.

"Na yule wa bluu?" muuguzi akauliza.

"Tulimwacha mlimani," mmoja akajibu. "Alikuwa anasukuma. Tulimwita apande lori akakataa."

Alikuja saa saba. Nilimwona kwa mbali kwa sababu ya ile bluu. Alikuwa anatembea akiisukuma baiskeli, boksi lake liko palepale kwenye keria, limefungwa vilevile. Alikuwa anatembea kama mtu aliyepanda pipa, miguu imetengana. Alipokaribia tukaona gauni lilivyomgandia nyuma, na katika kugandia kule palikuwa na doa, kubwa, kahawia pembeni na jekundu katikati. Tetroni hainywi kitu. Damu ilikuwa imeshuka mpaka kwenye pindo.

Kulikuwa na wanawake wa sokoni wamekaa pembeni na matenga yao. Mmoja akasema kwa sauti:

"Hee! Ameingia mwezini juu ya baiskeli!"

"Wacha wee," mwingine akajibu, "labda baiskeli ndiyo imeingia!"

Walicheka. Mimi nilikuwa nimesimama katikati yao na mtoto mgongoni. Nilicheka. Si sana, lakini kicheko kilitoka na nilikisikia, na nadhani yeye pia alikisikia, maana alitupa macho upande wetu. Sijui kwa nini nilicheka. Nimejaribu kusema ni woga. Inawezekana ni woga.

Muuguzi akamwendea. Hakuwa mbaya, lakini alikuwa na ile sauti.

"Mama, uko kwenye siku zako?"

"Hapana."

"Sasa hii damu?"

"Ni kitambaa," wifi akasema. "Nimechubuka. Niliendesha mpaka Magamba nikafika wa tatu. Waulize. Kurudi ndiyo ikashindikana kukaa."

Muuguzi akawatazama wale waliokwenda naye, nao wakaitikia kwa vichwa kwamba ni kweli, alifika wa tatu. Akafungua daftari, akalifunga.

"Pole, mama yangu. Nafasi zimeisha. Na kusema kweli, mtu wa Kasekese ataendesha kila siku. Asiyejua avae nini kwenye baiskeli, nitamtumaje?"

Wifi angeweza kunyoosha kidole. Mimi nilikuwa hatua kumi kutoka kwake. Angesema, muulize huyo. Alifungua kamba akashusha boksi, akaliweka chini polepole, akaegesha baiskeli yao kwenye mti, akaanza kutembea kwenda nyumbani. Mtoto mgongoni kwangu akaita, "Mama!" Wote wawili tuligeuka.

Nyumbani nilichemsha maji, nikatia chumvi yote iliyokuwepo kwenye kopo. Shimizi ilikuwa imegandia kwenye kidonda na ilibidi kuilowesha ndipo ibanduke, na ilibanduka na ngozi. Pande zote mbili, kutoka kwenye paja mpaka juu, na katikati mstari mmoja mwekundu ulionyooka, palipokuwa na mshono wa fundi. Alishika ukingo wa kitanda. Nilikuwa namwosha na nguo ya pamba, na kila nilipogusa alivuta pumzi kwa meno.

Nikataka kusema. Nilikuwa nimeshafungua mdomo.

"Wifi," akanitangulia. Nikangoja tusi. Nilikuwa nalitaka, nadhani, tusi lolote, la spoki au la tundu, ili nicheke au nilie. Hakutania. Akasema, taratibu kama mtu anayesoma kitu ukutani:

"Leo umefua."

"Ndiyo," nikasema.

"Basi."

Alikaa kwetu miaka mingine minne, na katika miaka hiyo hakunitania tena. Majirani waliuliza, nyie wawili mmekosana? Akawajibu hapana, tumezeeka. Mtu asiyejua atadhani hiyo ni afadhali. Utani wake ulikuwa unauma, lakini ulikuwa ni wa mtu anayenihesabu kuwa wa kwao. Na mtoto alibaki, akaendelea kulala upande wangu. Nilipata nilichotaka. Sijui kama nilikitaka kwa sababu ya mtoto, au kwa sababu ya lile neno la tundu, au kwa sababu sikupenda kuona mwanamke mwingine juu ya baiskeli ambaye kidato chake kimezidi changu. Nimeyapima yote matatu na kila siku mzani unalala upande tofauti.

Jioni ile jua lilipopoa, alitoka uani akitembea vilevile kama amepanda pipa. Nilidhani anakwenda chooni. Alikwenda kwenye kamba. Akaianua kaptula, akaikung'uta vumbi, akaikunja mara mbili kama alivyokuwa akiikunja siku zote, mshono ndani, akaja akaitundika kwenye msumari wangu.

Tulikula ugali wa muhogo na mlenda, na kipande cha mgebuka tuligawana. Mlenda haukuwa na chumvi, maana chumvi yote ilikuwa imeishia kwenye beseni. Mtoto alikula amekaa mapajani kwangu. Wifi alikula amesimama, ameegemea mlango, akamaliza tonge la mwisho, kisha akaniomba nimpe sahani zetu akazioshe.